Mgonjwa Haulizwi Uji

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Maana yake i wazi: aliye taabani usimsumbue kwa maswali; pika, lete, mnyweshe. Lakini methali hiyo inamfikiria mgonjwa wa homa, ambaye mwili umemlegea huku moyo wake ukitamani nguvu zirudi. Je, tufanyeje kwa yule anayeuogopa uji kuliko anavyouogopa ugonjwa? Mchukue binti wa miaka 14, hodari darasani, mtiifu nyumbani, anayekonda hata mifupa ya mabega ikahesabika, na bado akijitazama kiooni anajiona mnene. Huyo naye asiulizwe? Na akikataa, nani amlishe, na kwa haki gani?

Maradhi hayo madaktari huyaita anoreksia nevosa. Si saumu, kwa maana afungaye saumu huijua saa ya kufuturu na huingoja kwa hamu. Wala si ulimbwende wa wasichana wanaoiga picha za magazeti, ingawa aghalabu huchukuliwa hivyo. Ni ugonjwa unaoshika akili na mwili pamoja: moyo hupiga polepole, hedhi hukatika, mifupa hupungua uimara, na mawazo yote huzunguka chakula na uzito. Hesabu zilizokusanywa kutoka tafiti nyingi na kuchapishwa mwaka 2011 zilionyesha kwamba waliopatwa na maradhi haya walikuwa katika hatari ya kufa karibu mara 6 kuliko wenzao wa umri na jinsia ile ile, na kwamba katika kila vifo 5, kimoja hivi kilikuwa cha kujiua. Hatuzungumzii jambo dogo.

Kati ya tiba zinazopendekezwa kwa vijana, inayotajwa mbele ya nyingine ni tiba ya familia. Nimezisoma kazi kadhaa kuu zinazoihusu, za zamani na za karibuni. Sikuzisoma kwa jicho la daktari, maana udaktari sikusomea. Nilizisoma kwa jicho la mtu anayetaka kujua dai limesimama juu ya nini. Ninayotaka kuyasema ni mawili. La kwanza, tiba hii inafaa, ila si kwa wote, na si kwa kadiri inavyosimuliwa na wapenzi wake. La pili, ambalo kwangu ni zito zaidi, sababu iliyotolewa hapo mwanzo kueleza kwa nini inafaa ilikuwa mbovu, na ubovu huo umewaachia wazazi doa la lawama ambalo hadi leo halijatoka.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1873 madaktari wawili, kila mmoja kwa upande wake, waliueleza ugonjwa huu: Sir William Gull huko London, ambaye ndiye aliyeupa jina la anoreksia nevosa, na Charles Lasègue huko Paris. Wote wawili waliiona familia imesimama karibu na kitanda, na wote wawili hawakupendezwa nayo. Gull alishauri mgonjwa alishwe kwa saa maalumu na watu wenye kauli juu yake, akaonya kwamba ndugu na marafiki kwa kawaida ndio wauguzi wabaya kuliko wote. Lasègue alieleza kwamba familia huwa na njia mbili tu, kubembeleza na kutishia, na huzitumia zote mbili mpaka zikaishiwa nguvu. Baada yao Charcot, bingwa wa hospitali ya Salpêtrière, alishikilia kwamba mgonjwa hana budi kutengwa na wazazi wake ndipo aanze kula. Basi kwa miaka mingi tiba ilianza kwa kumfungia mzazi mlango.

Aliyeufungua mlango huo kwa kishindo ni Salvador Minuchin, daktari mzaliwa wa Argentina aliyefanya kazi Philadelphia, Marekani. Mwaka 1978, pamoja na Bernice Rosman na Lester Baker, alitoa kitabu kiitwacho Psychosomatic Families. Ni kitabu cha kusisimua. Badala ya kuwaacha wazazi nje, Minuchin aliwaita ndani pamoja na mtoto wao, akaagiza chakula cha mchana kiletwe, akakaa akatazama wanavyohangaika kumlisha. Ugomvi uliokuwa umefichwa ulitoka mezani peupe, naye akaushika papo hapo. Waandishi hao waliripoti habari za wagonjwa 53, wakasema kiasi cha asilimia 86 walipona. Hesabu kama hiyo, katika ugonjwa uliokuwa umewashinda wengi, ilikuwa kama mvua baada ya ukame.

Hapa ndipo mhakiki anapopaswa kuketi na kalamu yake. Kwanza, hapakuwa na kundi la kulinganishia. Wagonjwa wengi walikuwa wadogo, na wengi hawakuwa wameugua muda mrefu. Watu wa namna hiyo yamkini wangepata nafuu zaidi kuliko wengine hata kwa tiba nyingine. Mpishi akisifu kitoweo chake, nasi tusiwe tumeonja kingine, sifa hiyo tutaipimaje?

Pili, na hapa ndipo penye madhara, kitabu hicho kilidai kuijua familia inayozaa ugonjwa. Kilitaja alama 4: watu kuingiliana mno kiasi cha kila mmoja kuishi ndani ya shughuli za mwenzake, kulindana kupita kiasi, ugumu wa kubadilika, na kukwepa ugomvi bila kuumaliza. Katika familia ya namna hiyo, walisema waandishi, mwili wa mtoto hubeba yale yasiyosemwa na wakubwa. Ni maelezo yanayovutia, na mwenye kuyasoma huanza kuwatambua majirani zake humo. Lakini familia hizo zilitazamwa lini? Zilitazamwa baada ya mtoto kukonda. Ukifika penye nyumba inayoungua ukawakuta wenyeji wanapigiana kelele, wanakanyagana na ndoo mikononi, hutasema kelele hizo ndizo zilizowasha moto. Mama ambaye binti yake anakufa njaa mbele ya sahani iliyojaa ataingilia kila jambo la binti huyo. Atamlinda kupita kiasi. Atakwepa ugomvi, kwa kuogopa kwamba hata kile kijiko kimoja kitakataliwa. Dalili za moto zilichukuliwa kuwa kiberiti.

Tena njaa yenyewe hubadili tabia. Kati ya 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Ancel Keys na wenzake waliwapunguzia chakula vijana wanaume 36 wenye afya njema, waliojitolea kwa hiari, kwa muda wa miezi 6 hivi. Vijana hao walianza kuota chakula, wengine wakakusanya vitabu vya mapishi. Wakawa wepesi wa hasira, wakajitenga, wakazama katika huzuni. Hakuna aliyesema mama zao ndio waliowafanya hivyo. Kwa hiyo mengi tunayoyaona kwa mgonjwa wa anoreksia, na ambayo zamani yalisomwa kama siri za nyumbani kwao, ni kazi ya njaa.

Kutoka Philadelphia twende London, katika hospitali ya Maudsley, maana huko ndiko wazo la kuwaita wazazi lilikopimwa kwa mizani. Gerald Russell, George Szmukler, Christopher Dare na Ivan Eisler waliwachukua wagonjwa 80 waliokuwa wamelazwa na kuongezwa uzito. Walipotoka hospitalini waligawanywa kwa kura: wengine wapate tiba ya familia kwa mwaka mmoja, wengine wapate ushauri wa mtu mmoja mmoja. Matokeo yalichapishwa mwaka 1987. Kwa wagonjwa wote kwa jumla, tiba ya familia haikuwa miujiza. Palikuwa na kundi dogo, watu 21, walioanza kuugua kabla ya miaka 19 na ambao ugonjwa ulikuwa haujatimiza miaka 3. Kwao tiba ya familia ilishinda waziwazi. Kwa waliougua wakiwa watu wazima mambo yalielekea upande wa pili: ushauri wa mtu peke yake ulionekana kuwafaa zaidi. Walipofuatiliwa tena, katika ripoti ya mwaka 1997, miaka 5 baada ya tiba, tofauti hizo zilikuwa bado zaonekana.

Samaki mkunje angali mbichi, tungesema sisi. Lakini msomaji asisahau kwamba jengo kubwa lililokuja baadaye lilianza juu ya samaki 21.

Waliofuata waliiandika tiba hiyo ikawa mwongozo, uliotoka mwaka 2001 kwa mikono ya James Lock, Daniel Le Grange, Stewart Agras na huyo Dare. Ukiusoma utashangaa jinsi ulivyoiacha nadharia ya Minuchin ukachukua meza yake. Mganga haulizi nani alikosa. Huwaambia wazazi kwamba chanzo cha ugonjwa hakitafutwi hapa, ila mtoto wao yu hatarini, na hakuna anayemjua kuliko wao. Katika hatua ya kwanza wazazi hushika chakula chote: waamue kipikwe nini, kipakuliwe kiasi gani, wakae naye mpaka amalize, hata kama ni saa mbili, hata kama analia. Ndugu zake wadogo hawaruhusiwi kuwa askari. Kazi yao ni kumliwaza. Kila mtu hufundishwa kuutenga ugonjwa na mtoto, ili hasira imwangukie mgeni aliyeingia nyumbani, isimwangukie binti. Uzito ukirudi, hatua ya pili humrudishia kijana mamlaka ya sahani yake kidogo kidogo. Na ya tatu hushughulikia mambo ya kawaida ya ujana yaliyokuwa yamesimama. Yote huchukua mikutano 20 hivi katika mwaka.

Kwa ufupi, ni ile methali. Mgonjwa haulizwi uji, maana ukimwuliza, jibu litatoka kwa ugonjwa.

Wako wanaosema huku ni kumnyang'anya kijana uhuru katika umri ule ule anaojifunza kujitawala, na kwamba kukataa kula ndiko kujitawala pekee alikobakiwa nako. Hoja hii siidharau. Mtoto anayelishwa kwa nguvu za upendo hata hivyo analishwa kwa nguvu. Lakini uhuru wa mtu ambaye akili yake imeshikwa na njaa ni uhuru wa namna gani? Anayeogopa punje ya wali haichagui njaa; anaitii. Nionavyo mimi, tiba hii ina haki pale inapokumbuka ahadi ya hatua ya pili, kwamba kilichochukuliwa kitarudishwa. Mzazi anayeonja mamlaka akashindwa kuyaachia atakuwa ameponya mwili na kuacha jeraha lingine.

Sasa hesabu. Mwaka 2010 Lock na wenzake, katika vyuo vikuu vya Stanford na Chicago, walichapisha jaribio la vijana 121 wenye umri wa miaka 12 hadi 18. Nusu walipewa tiba hii ya familia, nusu tiba ya kijana peke yake. Tiba ilipomalizika, waliopona kikamilifu, kwa uzito na kwa mawazo, walikuwa asilimia 42 upande wa familia na 23 upande wa pili, tofauti ambayo kwa kanuni za takwimu ilikuwa bado haijathibitika. Mwaka mmoja baadaye zilikuwa 49 kwa 23, na hapo tofauti ikathibitika. Huo ni ushahidi mzuri kuliko mwingi uliotangulia. Lakini usome tena: asilimia 49. Wazazi waliofanya kila walichoambiwa, waliokaa mezani saa nzima kwa saa nzima, karibu nusu yao walimwona mtoto amepona kabisa. Nusu nyingine hawakumwona. Wengi wa hao walipata nafuu ya sehemu, lakini nafuu ya sehemu si ile ya asilimia 86 iliyosikika mwaka 1978.

Tafiti zilizofuata zimelichanganya jambo zaidi. Mwaka 2014 Agras na wenzake walilinganisha tiba hii, kwa vijana zaidi ya 150, na tiba nyingine ya familia isiyoshughulika na chakula moja kwa moja. Mwishowe waliopona walikaribiana. Faida ya ile ya mezani ilikuwa kwamba uzito ulirudi mapema na siku za kulala hospitalini zilipungua. Mwaka 2016, huko Melbourne, Le Grange na wenzake walijaribu kuwaona wazazi peke yao, huku mtoto akiangaliwa pembeni na muuguzi. Tiba ilipokwisha, waliopona walikuwa asilimia 43, dhidi ya 22 wa familia zilizoonwa pamoja, ingawa mwaka mmoja baadaye pengo hilo halikuonekana tena. Hata kabla ya hapo, mwaka 2000, kikundi cha Maudsley kilikuwa kimeonyesha kwamba pale mama anapokuwa mwepesi wa kumlaumu mtoto, ni afadhali wazazi na mtoto waonwe mbalimbali. Na wapimaji wa Cochrane, walipozikusanya tafiti 25 mwaka 2018, walisema ushahidi kwa jumla ni dhaifu, na kwamba ubora wa tiba ya familia juu ya tiba nyingine bado haujasimama imara.

Twaweza kusoma nini hapo? Mimi nasoma kwamba dawa haikuwa ile picha ya familia nzima kuketi chumbani mbele ya mtaalamu mwenye macho makali. Kama mtoto anaweza kupona bila kuwemo chumbani, basi kazi kubwa inafanyika nyumbani, asubuhi, mchana na jioni, na anayeifanya ni mzazi aliyepewa ujasiri. Mtaalamu anampa mzazi moyo wa kutotishwa na machozi. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Lakini si rahisi kuisikia methali hiyo huku mwana mwenyewe ni mifupa mitupu.

Ndipo nafika kwenye jambo linaloniuma. Nadharia ya zamani ilimwambia mama: wewe ndiye uliyemfanya augue. Leo wataalamu wameikana. Mwaka 2010 chama chao cha kimataifa, Academy for Eating Disorders, kilitamka wazi kwamba hakikubaliani na maelezo yanayoiona familia kuwa chanzo kikuu cha maradhi haya. Mwaka 2019 utafiti mkubwa wa chembe za urithi ulipata sehemu 8 zinazohusiana nayo, na baadhi ya dalili zake zilielekea kwenye namna mwili unavyotumia chakula, si akili peke yake. Mashitaka yamefutwa. Lakini tazama lawama inavyoweza kurudi kwa mlango wa uani: kama familia ndiyo dawa, na mtoto hakupona, basi dawa ilikuwa mbovu. Mama hakukaza. Baba hakuwa pamoja naye. Walilegea siku ya tatu. Hapo kisu ni kile kile, mpini tu umebadilishwa.

Tena kuna jambo ambalo vitabu hivi hulipita upesi. Tiba inayodai mzazi awepo katika kila mlo ni tiba inayodai mzazi mwenye nafasi. Yupo mama anayelea peke yake na kufanya kazi zamu ya usiku. Yupo baba ambaye akikosa kazi wiki mbili hana kazi tena. Uingereza, mwongozo wa kitaifa wa mwaka 2017 uliiweka tiba ya familia mbele kwa watoto na vijana, na huko kuna huduma ya afya inayolipiwa na umma. Hata hivyo mshahara wa siku ambazo mzazi hakwenda kazini haulipwi na mwongozo. Pale tiba inaposhindikana kwa sababu ya umaskini, ni dhuluma kuandika katika faili kwamba familia haikushirikiana.

Sisi tunaosoma Kiswahili tuna sababu ya kuwa waangalifu kwa pande zote mbili. Ugonjwa huu si wa Wazungu peke yao. Mwaka 2004 jarida la East African Medical Journal lilichapisha makala ya Njenga na Kangethe kuhusu anoreksia nchini Kenya. Nasi tuna methali zinazoweza kuwa dawa na zinazoweza kuwa sumu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo: ni maneno mazuri siku ya harusi, lakini ukimwambia mzazi wa binti huyu, umemhukumu bila kumsikiliza. Vilevile tunapenda kujisifu kwamba kwetu familia ni pana, shangazi yupo, bibi yupo, kwa hiyo tiba hii ni yetu tangu asili. Pengine. Lakini wingi wa watu mezani si umoja wa kauli. Shangazi mmoja anayenong'ona, "Mwacheni mtoto, atakula akitaka," anaweza kubomoa siku nzima ya kazi ya wazazi wawili.

Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba tiba ya familia huponya anoreksia, mwulize maswali machache. Kwa wagonjwa wa umri gani? Walikuwa wameugua muda gani? Walilinganishwa na nani? Na kwa wale ambao haikuwaponya, mna nini kingine cha kuwapa? Akikujibu kwamba huwasaidia vijana wengi walioanza kuugua karibuni, na kwamba nusu hivi hupona kabisa, amekuambia kweli, nayo ni kweli inayotosha kumfanya mzazi aanze leo bila kungoja kesho. Akiongeza kwamba waliobaki ni wale ambao familia zao hazikuwapenda vya kutosha, mwache hapo hapo. Mama yule aliyekaa mezani siku 300 na binti asiongezeke, apewe daktari mwingine na njia nyingine, na mtu wa kumshikia zamu ili apate kulala.